Kenya na Tanzania mbele ya ahadi za tabianchi: uidai serikali yako lipi kwanza?

Ukizisoma harakaharaka ahadi ambazo Kenya na Tanzania zilipeleka Umoja wa Mataifa, unaweza kudhani ziliandikwa na mkono mmoja. Desemba 2020 Kenya iliahidi kupunguza gesijoto, yaani moshi na hewa ukaa vinavyoipasha dunia joto, kwa asilimia 32 ifikapo 2030. Miezi michache baadaye, Julai 2021, Tanzania ikaandika asilimia 30 hadi 35 kwa mwaka huohuo. Zote mbili ziliridhia Mkataba wa Paris, Kenya mwishoni mwa 2016 na Tanzania Mei 2018. Zote mbili hukumbusha, na wala hazidanganyi, kwamba moshi wao ni mdogo mno ukiulinganisha na wa nchi zenye viwanda.

Baada ya kuahidi, kila moja ikashika njia yake. Kenya ilianza na sheria. Tanzania ilianza na zege na chuma: bwawa, reli, na siku hizi jiko.

Ulinganisho huu nauandika kwa walio mahali pa kuchagua. Asasi ya vijana inayotafuta jambo moja la kulisukuma mwaka huu. Diwani, au mwakilishi wa wadi kwa upande wa pili wa Namanga, anayekaa kwenye kikao cha bajeti. Kijiji kilicholetewa mkataba wa kaboni, yaani wa kulipwa kwa kuitunza misitu ihifadhi hewa ukaa. Huwezi kuidai serikali kila kitu kwa mkupuo, kwa hiyo inafaa kujua kipi kimezaa matunda wapi.

Asilimia zisikuzuge

Asilimia 32 ya Kenya haihesabiwi kutoka kwenye moshi wa leo. Inahesabiwa kutoka kwenye makadirio ya moshi ambao ungekuwepo mwaka 2030 kama serikali ingekaa bila kufanya lolote, yaani tani milioni 143. Ondoa asilimia 32 na unabaki na tani milioni 97 hivi. Sasa fungua tena waraka huohuo utazame mwaka 2015: nchi ilikuwa ikitoa kama tani milioni 93.7. Kwa hiyo Kenya ikitimiza ahadi yake yote bila kupungukiwa hata tani moja, bado mwaka 2030 itatoa moshi mwingi kidogo kuliko ilivyotoa 2015. Si ulaghai. Ni ahadi ya kupanda polepole, na nchi inayosambaza umeme vijijini haikuwa na namna ya kuahidi kushuka. Ila mwanasiasa akisimama jukwaani akasema “tumepunguza theluthi”, mwombe akuonyeshe theluthi ya nini.

Upande wa Tanzania, kinachoshangaza ni ukubwa wa tarakimu. Serikali inasema itaepusha tani milioni 138 hadi 153. Karibu sawa na moshi wote ambao Kenya ilikadiria kutoa mwaka 2030! Si kwamba Tanzania ina viwanda vingi hivyo. Ni misitu. Takwimu za serikali yenyewe zinataja zaidi ya hekta 469,000 zinazopotea kila mwaka, na mti ukikatwa kwa ajili ya shamba au tanuru la mkaa, hewa ukaa iliyokuwa ndani yake huingia kwenye hesabu ya taifa. Jambo hili tutalirudia tukifika jikoni, maana ndilo linaloamua kila kitu.

Kuhusu fedha: Kenya ilikadiria kuhitaji dola bilioni 62 na ikasema itabeba asilimia 13 yenyewe. Tanzania ilitaja dola bilioni 19.2, na utekelezaji wa ahadi yake unategemea sana msaada. Wafadhili wasipotoa, serikali zote mbili zina kisingizio kilichokwisha kuandikwa na kupigwa mhuri. Hapo sioni mshindi.

Sheria, na nani anaweza kwenda mahakamani

Mei 2016 Kenya ilipata Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Inaunda baraza ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe, inataka mpango wa utekelezaji kila baada ya miaka mitano (sasa upo wa 2023 hadi 2027), na inaziwajibisha kaunti. Kwenye karatasi, safi kabisa. Kwa vitendo, baraza hilo lilipitisha miaka bila kuketi kwa sababu ya mvutano juu ya wajumbe wake. Ningekuwa naipima sheria kwa vikao vyake, ningeipa alama za chini.

Lakini thamani yake ilionekana mahali ambapo wengi hawakutarajia. Septemba 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu. Wenyeji wakiwa chini ya mwavuli wa Save Lamu wakakata rufaa Novemba mwaka huohuo. Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira likaifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kuwaitia watu mkutano kabla ripoti ya athari haijakamilika hakukuhesabiwa kuwa ushirikishwaji. Ila jopo lilitaja jambo jingine pia: tathmini ya mradi haikuizingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Sheria ambayo baraza lake lilikuwa halijaketi ikawa miongoni mwa hoja zilizouangusha mradi wa makaa ya mawe. Mtambo huo ungejengwa, hesabu zote za asilimia 32 zingevurugika.

Nyuma ya ushindi huo kuna Katiba ya 2010. Ibara ya 42 inatoa haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine amekwisha kupata hasara. Mvuvi wa Lamu hakuhitaji kusubiri samaki wafe ndipo aonyeshe ushahidi.

Tanzania haina sheria inayojitegemea ya tabianchi. Ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo kifungu cha 75 kinagusa suala hilo, pamoja na kanuni na mikakati chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Tusiidharau sheria hiyo, kwani vifungu vya 4 na 5 vinampa kila mtu haki ya mazingira safi na haki ya kufungua shauri. Na mahakama za Tanzania zina historia yake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya dampo, wakashinda. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa Mtongani nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Miaka hiyo hakuna aliyekuwa akizungumzia gesijoto, lakini somo la kisheria lilikwisha kufundishwa.

Tatizo ni kwamba mlango wa kikatiba ulibanwa baadaye. Marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Kwa moshi unaosambaa angani hilo ni gumu: nani atathibitisha kwamba gesi ya mradi fulani ndiyo iliyokausha mahindi yake?

Kuna mahakama ya tatu, ile ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Novemba 2020 asasi nne kutoka Uganda, Kenya na Tanzania zilipeleka huko shauri kupinga bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mwaka 2023 shauri likatupwa. Hoja za mazingira hazikufika hata kupimwa, kwa maana majaji walisema limeletwa nje ya muda: mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu tangu kitendo kinacholalamikiwa. Watu wa Lamu waliwahi tarehe zao. Wa bomba walichelewa. Kama asasi yenu ina wakili mmoja tu, mpeni kazi ya kufuatilia tarehe za leseni kabla ya kazi nyingine yoyote.

Katika kipengele hiki Kenya iko mbele, na kwa umbali. Hata miradi ya kijani huko haiachwi: mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye minara 365 na megawati 310, yalijikuta mbele ya mahakama ya Meru, ambayo Oktoba 2021 iliamua kwamba hati za ardhi zilipatikana bila kufuata utaratibu. Wapo wanaoona hili ni kero kwa wawekezaji. Mimi naona ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa, na kuupuuza ni kosa. Ni maoni ya ushauri. Hata hivyo wakili wa Nairobi anaweza kuyanukuu kesho asubuhi mbele ya jaji. Wa Dar es Salaam, kwa marekebisho ya 2020, alitakiwa kwanza avuke kizingiti cha kujieleza amedhurikaje.

Umeme na reli

Kwenye umeme Kenya ilikuwa imeshatangulia kabla hata ya Mkataba wa Paris. Mvuke wa ardhini wa Olkaria ulianza kuzalisha mwaka 1981, na leo karibu asilimia 90 ya umeme unatokana na mvuke, maji, upepo na jua. Sifa anastahili nani? Mengi ya haya yalijengwa kwa sababu mvuke ulikuwapo chini ya Bonde la Ufa na mafuta ya dizeli yalikuwa ghali. Tabianchi ilikuja baadaye kama kivuli kizuri cha uamuzi uliokwisha kufanywa.

Tanzania ilitegemea sana gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara, na waraka wake wa ahadi unaihesabu gesi kuwa sehemu ya suluhisho. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji: mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza Februari 2024, wote tisa wakakamilika 2025. Kwa mradi mmoja, nchi iliongeza umeme zaidi ya ule wote iliokuwa nao awali. Gharama haikuwa ya shilingi peke yake, kwani bwawa limejengwa ndani ya Selous, eneo la urithi wa dunia. Isitoshe, nchi iliyopata mgawo wa umeme mwaka 2022 kwa sababu mito ilikauka imeweka matumaini makubwa zaidi kwenye mto. Dawa ya ukame inategemea mvua, hilo linanisumbua.

Reli ni fupi kuieleza. SGR, yaani reli ya kisasa, ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa 2017 na inatumia dizeli. Ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza 2024 na inatumia umeme. Tanzania imeshinda.

Jikoni, ambako moshi halisi uko

Kinachopikia familia nyingi za Tanzania bado ni kuni na mkaa. Ndiyo maana nathubutu kusema mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, una uzito kuliko bwawa lote la Rufiji kwa upande wa ahadi ya gesijoto. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Hata kabla ya hapo serikali ilikwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, kama shule na magereza, ziachane na kuni na mkaa. Wakala wa nishati vijijini, REA, ukasambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku. Mwezi huohuo wa Mei Rais Samia alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu kupikia.

Sijui kiongozi mwingine wa eneo letu aliyeliinua jiko hadi kuwa ajenda ya nje ya nchi namna hiyo. Kwa muda mrefu jiko lilihesabiwa mambo ya akina mama, lisilostahili hotuba.

Lakini hebu tazama mahesabu ya mama ntilie pale Manzese, Dar es Salaam. Mkaa anaununua kwa kopo. Asubuhi kopo la chai na maandazi, mchana la wali na maharage. Siku biashara ikidorora ananunua nusu. Mtungi wa gesi haununuliwi nusu. Ukiisha Jumatano na fedha ni ya kopo, anarudi kwenye mkaa, na ule mtungi wa ruzuku unakaa kona ya kibanda ukiwa mtupu. Ruzuku inamnunulia chombo. Kujaza ni juu yake. Anayeidai serikali kitu jikoni asidai mitungi zaidi. Adai gesi ya kulipia kidogokidogo kwa mita, ambayo ipo Nairobi na Dar es Salaam lakini kwa wachache, na adai bei nafuu ya umeme wa kupikia. Maharage kwenye jiko la presha la umeme huiva kwa chini ya uniti moja, na Rufiji sasa ina umeme wa kutosha. Bwawa na jiko vinahitaji kukutanishwa, na kazi hiyo imeanza polepole mno.

Kenya jikoni iliyumba vibaya. Mwaka 2016 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia. Julai 2021 ikairudisha, asilimia 16 nzima. Mwaka 2022 ikaishusha hadi 8, na 2023 ikaiondoa tena. Nchi ileile, chini ya sheria ileile ya tabianchi yenye Rais kwenye kiti, ikawasukuma watu warudi kwenye mkaa kwa kifungu kimoja cha sheria ya fedha. Misitu nayo ilipata vituko vyake: serikali ikitangaza kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na hata kuwapa watu siku ya mapumziko ya kupanda Novemba 2023, Julai ya mwaka huohuo Rais Ruto alikuwa ameondoa marufuku ya ukataji iliyowekwa 2018. Mahakama, kwa mara nyingine, ikaingilia.

Kama kijiji chenu kimeletewa mkataba wa kaboni

Serikali zote mbili zimeona kuna fedha kwenye miti inayoachwa isimame. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni 2022, na kituo cha taifa cha kuratibu kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kenya iliirekebisha sheria yake ya tabianchi 2023 na kutoa kanuni 2024.

Nguvu ya Kenya ni kwamba kiwango cha chini cha mgawo kimeandikwa ndani ya sheria: mradi wa ardhi uipe jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka, na miradi mingine asilimia 25, kupitia makubaliano yaliyoandikwa na kusajiliwa. Nguvu ya Tanzania ni ya zamani zaidi na haikutungwa kwa ajili ya kaboni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Ndiyo maana vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vinapokea fedha za kaboni moja kwa moja na kujenga madarasa na zahanati, na Wahadzabe wa Yaeda walitangulia kuuza kaboni yao zaidi ya muongo uliopita.

Kenya ina mfano wake mzuri, Mikoko Pamoja ya Ghuba ya Gazi, Kwale: hekta 117 tu za mikoko, na maji na shule zimefaidika tangu 2013. Ina pia mfano mbaya. Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria, na mojawapo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni wa nyanda za malisho. Ardhi ya wafugaji ikiwa haijasajiliwa kwa jina la jamii, asilimia 40 inalipwa kwa nani?

Kwa hiyo nisingeanza na asilimia. Ningeanza na hati ya ardhi na mpango wa matumizi bora ya ardhi, kisha ningeuliza kama mgawo unahesabiwa kabla au baada ya gharama za mwekezaji, halafu muda wa mkataba. Miaka 30 ni kizazi. Wajukuu wenu watakuta sahihi zenu.

Kuchagua

Kama katika eneo lenu kuna mradi mkubwa unaokuja, iwe makaa, mafuta au bomba, shikeni njia ya Kenya hata kama mko Tanzania: vifungu vya 4 na 5 vya sheria ya 2004 vipo, na ya Tabata na Mtongani yamo kwenye vitabu vya mahakama. Asasi za Dodoma zinazosukuma sheria mpya ya tabianchi zisiridhike na baraza lenye mwenyekiti mkubwa. Zidai haki ya mtu yeyote kufungua shauri bila kuonyesha kidonda.

Kwa diwani sina shaka hata kidogo kwamba mfano wa kuiga ni kaunti ya Makueni nchini Kenya, ambayo mwaka 2015 ilitunga kanuni za kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa ajili ya tabianchi, na wananchi wakachagua wenyewe visima na malambo ya kujengwa. Halmashauri za Tanzania zinatenga fungu la mikopo ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kwa utaratibu usio tofauti sana, kwa hiyo asije mtu akasema haiwezekani.

Na kama hakuna mradi wowote unaokuja, mna nguvu ya jambo moja tu, na mko Burundi au mashariki ya Kongo au popote ambako mkaa ndio unaomaliza misitu, chagueni jiko. Msiende na mabango kwenye wizara ya mazingira. Subirini muswada wa fedha, ukitoka mfungue ukurasa wa kodi, na mtafute gesi ya kupikia, mita zake na majiko ya umeme vimewekwa kwenye jedwali gani la kodi.